Watano Hawatimii

Mwanangu Moza,

Naanza bila ya salamu, kwa sababu tangu Ijumaa kila nikikusalimu unaniitikia kwa adabu, na adabu yako hiyo ndiyo inayonitia khofu. Ungenipigia kelele ningejua la kufanya. Kelele nnazijua, mie ndiye mpiga kelele mkubwa wa ukoo huu, muulize yeyote aliyewahi kukaa karibu yangu ukumbini. Lakini wewe unasema "naam Mama", "nishakula Mama", unachukua maji yako unapita. Nimechoka kuambiwa naam.

Saa hii uko Qurum kwa shangazi yako. Safari ni kesho asubuhi, na kila mtu anadhani umekwenda kuaga. Mie najua umekwenda kumwambia kwamba huondoki. Nimejua leo adhuhuri nilipoingia chumbani kwako na nguo za pasi. Lile sanduku tulilolijaza wiki iliyopita, mpaka ikabidi nilikalie ndipo likafunga, nimelikuta wazi, tupu. Makoti ya baridi umeyarudisha kabatini, umeyatundika vizuri. Viatu vya mpira wa kikapu umeviweka karibu na mlango, tayari kwa mazoezi. Nikakaa kitandani kwako na nguo zako mapajani, na Moza, niliogopa. Nishakuona umekasirika, nishakuona umenuna wiki nzima kwa sababu ya simu. Sijapata kukuona umekubali jambo baya kimya kimya namna ile.

Wewe Ijumaa ulikuwa jikoni, ulisikia nusu. Ngoja nikueleze yote, na usinihurumie.

Aza alikuja baada ya sala, na wenzetu wawili wa timu ya zamani, na sinia ya halwa. Kocha wako, lakini kwangu mie ni Aza tu, msichana niliyecheza naye chuoni, aliyekuwa akinisomesha Kiarabu tukifunga kamba za viatu. Nikawamiminia kahawa. Wale wawili wakanywa. Aza akapokea kifinjani chake, akakiweka chini kwenye zulia, hakukionja.

Mila hii unaijua kwa bibi yako mzaa baba. Mgeni akiweka kahawa chini, ana haja, na mwenyeji muungwana humwambia kunywa, haja yako imepita, hata kama hajui ni haja gani. Mwarabu aliyezaliwa hapa angejua kuzungukazunguka. Angecheka, angeuliza "kheri inshallah?", angemtoa maneno kidogo kwanza. Mie mtoto wa Malindi ya Unguja, niliyekuja nchi hii sijui hata namna ya kutikisa kifinjani ukiwa umetosheka, niliyechekwa na mawifi zangu mpaka nikalia chooni, nikaiona mila ile imekaa mbele yangu juu ya zulia langu nikaikimbilia. Nilitaka wale wawili wakasimulie kwamba najua. Nikasema, kwa sauti kubwa, "Kunywa Aza. Haja yako imepita."

Akanywa. Akafuta mdomo. "Moza asiondoke mpaka ligi imalizike," akasema.

Nikasikia bomba la jikoni likifungwa.

Bado nilikuwa na nafasi. Ningeweza kusema, Aza, hilo si la kuomba kwa kahawa. Yeye ananijua, ndiyo maana alikuja na mashahidi, lakini pia si mtu mbaya, angeinama akakubali. Sikusema, na sababu iliyonifanya nisiseme ndiyo inayoniuma kuiandika. Nilifurahi. Kwa muda ule mdogo, kabla hujatoka jikoni na mikono inachuruzika maji, nilikuona Alkhamisi ya mechi uko uwanjani na jezi ya kijani, na moyo wangu ukaruka. Chuo cha Uingereza, usajili unaofungwa Alkhamisi hiyohiyo, ufadhili utakaokwenda kwa mwengine ukichelewa, uhandisi wa maji uliokuwa ukiuzungumzia tangu uko skuli, vyote vilinitoka kichwani. Ukasema, "Mama, hilo neno ulilolitoa ni langu." Wageni wakatazama halwa. Na mie, badala ya kukujibu, nikachukua simu nikatia sauti kwenye grupu la timu: "Wanangu, Moza anabaki!" Wasichana wakajibu kwa mioyo na machozi. Ulisimama pale unaisikia simu yangu inalia tiii, tiii, tiii.

Babako nilimwendea usiku anisaidie. Unamjua. Akavua miwani akaipangusa, akasema, "Neno limetoka nyumbani kwangu, lakini mdomo haukuwa wangu. Zungumza na mwanao." Kisha akalala. Bwana huyu angekuwa refa, mechi zote zingemalizika sare.

Sasa unaweza kuniuliza, timu gani hiyo ya mtu kumtoa mwanawe kafara? Timu ambayo haijashinda msimu huu wala uliopita. Timu yenye wasichana watano wazima na mmoja wa goti bovu aliyekatazwa na daktari kucheza. Chuo chenu cha hapa kimeshasema, siku ambayo watano hawatatimia uwanjani, basi, timu inafutwa na ukumbi unakuwa wa mitihani. Ukiondoka wewe wanabaki wanne. Hilo unalijua vizuri kuliko mimi, na najua ndilo linalokutundikia makoti kabatini.

Mie nilipoingia chuo kile, kule njia ya Rusayl, nilikuwa Mwarabu asiyejua Kiarabu. Darasani nikifungua mdomo wanageuka. Nyumbani tunasema Kiswahili, dukani babangu anasema Kiswahili na jirani yake Mhindi, nikidhani Oman yote ni hivyo. Kumbe! Nikawa sisemi. Siku moja Aza, ambaye watu wake walitoka Tabora, akanivuta mkono akanipeleka ukumbini, akanipa mpira. Pale hakuna aliyeniuliza nimetoka wapi. Mpira ukija unaupokea, ukiwa na nafasi unarusha. Tulikuwa tunafungwa kila mechi na nilikuwa na furaha, Moza, sikuwahi kuwa na furaha kama ile. Ndiyo sababu. Sina sababu kubwa kuliko hiyo.

Babangu alinipeleka mazoezini kwa pikapu ya duka, hakulalamika hata siku moja. Natamani ningekwambia kwamba yeye naye alinitolea neno, kwamba nimerithi, unielewe unisamehe. Hakunitolea. Nilipoposwa aliniuliza, lilipokuja shauri la kusoma zaidi aliniuliza, nilipokataa hakunishikilia. Haya yangu nimeyaanzisha mwenyewe.

Nikamaliza chuo, nikaolewa, nikazaa, na kila mechi ya nyumbani mie nipo. Unakumbuka ulivyokuwa mdogo nnakubeba. Mlangoni tunatoa simu tunazitia kwenye mfuko wa yule mama mlinzi, maana wasichana ndani hawana mitandio na picha haitoki. Babako anabaki nje kwenye gari, kwa sababu mwanamme haingii. Miaka yote uliyocheza hajakuona hata ukirusha mpira mmoja. Anasikiliza kelele kupitia ukuta. Tukitoka ananiambia, "Robo ya tatu mlikaribia." Na kweli tulikaribia.

Na mie na kundi langu la wanawake wa zamani tunapiga kelele kwa Kiswahili, tukijiona wajanja, wapinzani hawatatufahamu. "Mzibeni kushoto, mkono wa kulia hana!" Ile siku nahodha wa timu ya Sohar alipogeuka akanitazama akanijibu, "Nnao, bibi, subiri uone," kisha akarusha kwa mkono wa kulia ukaingia. Bibi yake katoka Wete! Ulicheka mpaka refa akakuonya. Nilikuona umecheka uwanjani nikadhani, mtoto huyu anafurahi kama nilivyokuwa nikifurahi mie. Sikukuuliza. Hilo ndilo kosa langu la kweli, la Ijumaa ni mtoto wake. Niliacha kutazama timu, nikaanza kujitazama mie nikicheza kwa miguu yako.

Unakumbuka mechi uliyokosa mitupo miwili ya adhabu mwishoni, tukafungwa kwa pointi moja? Njia nzima kutoka Rusayl mpaka Ghubra sikusema neno. Babako alijaribu kuuliza tule nini, nikamwambia nyamaza. Wewe nyuma ulikuwa umeegemea kioo. Tulipofika nyumbani ndipo nikakugusa shingo, nikaona unachemka homa. Ulicheza na homa na hukuniambia. Ulikuwa unajua kwamba nikijua sitakuruhusu, au ulikuwa unajua kwamba nitakuruhusu? Nimejiuliza mara nyingi, na nnaogopa jibu lako, kwa hivyo sijakuuliza mpaka leo.

Leo basi, nilipoliona sanduku, nilitia gari moto. Sikuvaa hata viatu vyema, nilikwenda na kandambili za ndani, na malori ya Rusayl yananipigia honi kushoto na kulia, na mie nasema peke yangu kama mwenda wazimu. Nikafika ukumbini, Aza anafanyisha mazoezi. Wasichana walikuwa wanne. Mahali pako kaweka kiti cha plastiki, cheupe, na wale wenzio wanakipitishia mpira, mmoja anakimbia kuuokota nyuma yake. Nikasimama mlangoni. Yule mdogo wao akaniona akapunga mkono, akaniita mama mdogo kwa Kiarabu chao, "Khala! Moza kesho anakuja mazoezini?"

Sikumjibu. Nikamwita Aza nje, kwenye kivuli cha ukuta.

"Neno langu la Ijumaa nalirejesha," nikamwambia.

Akacheka. "Neno si jora la kitambaa, unakwenda nalo nyumbani, halikukupendeza unalirejesha dukani."

"Nilitoa kisichokuwa changu."

"Ulitoa mbele ya watu na kahawa."

"Najua, Aza."

"Kwani unahangaika nini? Mwanao mwenyewe kaniandikia asubuhi. Kasema anabaki. Hakulazimishwa na mtu."

"Kalazimishwa na mie. Wewe hukumwona nyumbani."

Alitazama viatu vyangu, kisha akanitazama usoni, na nikajua kwamba amefahamu na kwamba hatanisaidia. "Unajua Alkhamisi itakuwaje," akasema.

"Najua."

"Miaka yote unakaa pale juu unatupigia makelele tusikate tamaa. Tumefungwa na kila mtu, umekuja. Mvua imeziba mabonde, umekuja. Leo ndiye wewe unayetuzika."

Nikamwambia atafute msichana mwengine. Akaniambia kama wangekuwepo angekuwa anapitishia mpira kiti? Nikamwambia basi nilaumu mie, usimlaumu Moza. Hapo ndipo alipopandisha sauti, akasema simlaumu Moza, Moza ana akili, ninayemlaumu ni wewe uliyetuvisha tamaa halafu ukatuvua. Na hilo ni kweli tupu. Akageuka kuingia ndani. Mlangoni akasimama. "Alkhamisi usije," akasema. "Sitaki kukuona jukwaani." Nikaingia garini nikalia mpaka kioo kikafanya ukungu.

Kwa hiyo Aza kanikasirikia, na pengine hatanisemesha tena, na wale wenzetu wawili watakuwa wamekwishapata khabari. Kesho mji mzima utajua kwamba Mama Moza hutoa neno akalimeza. Wifi zangu watafurahi. Nnakueleza haya si kwa sababu nataka unishukuru, wala si deni. Nataka ujue kwamba lile jambo limekwishafanyika. Hakuna tena neno la kulilinda. Ukibaki sasa hutakuwa umebaki kwa ajili ya heshima yangu, kwa sababu heshima yenyewe nishaipeleka Rusayl nikaiacha kule.

Utasema, na wale wanne? Ndiyo, nakujua, swali lako la kwanza ni hilo. Wale wanne watalia. Yule mdogo atalia zaidi. Timu itafutwa, na mie itanikata maini, sitakudanganya, sijui Alkhamisi zangu nitazifanya nini. Lakini kuna mambo mtu hulipia mwenyewe, na hili si lako. Ulikuwa na haki ya kuwaaga wenzio kama watu wanavyoagana, ukumbatiwe, upigwe picha za nje ya ukumbi, upewe zawadi mbovu ya kikombe. Hiyo nimekunyima, na siwezi kukurudishia. Waandikie ukifika. Waambie wewe ulikuwa unakwenda tangu mwanzo, maana ndiyo kweli.

Huko uendako kuna timu ya mpira wa kikapu. Usiulize nimejuaje, nimetafuta kwenye simu nilipopitia sokoni nikitoka Rusayl. Nikaona picha zao, nikaanza kuhesabu urefu wao, nikakuweka katikati, nikapanga utacheza nafasi gani. Kisha nikajitia kofi la paja mbele ya muuza samaki. Hata leo, Moza! Hata baada ya yote! Viatu vya mpira sikuvitia kwenye sanduku. Viko pale pale mlangoni ulipoviweka. Ukivitaka, vitie mwenyewe. Ukiviacha, sitauliza, na nikiuliza nikatie simu.

Nakuomba kitu kimoja, na hiki nakuomba kwa sababu nakujua ulivyo mtiifu. Utakutana na watu wazuri wenye haja. Watakuwa wazuri kweli, kama Aza, na haja zao zitakuwa za kweli, na watakutazama wewe kwa sababu wanaona huwezi kusema laa. Mie sikukufundisha kusema laa. Nilikufundisha kumimina kahawa kwa mkono wa kushoto na kupokea kifinjani kwa wa kulia, na kumbusu kichwa kila mkubwa anayeingia, na niliona nimemaliza kazi. Kama Ijumaa ungetoka jikoni ukasema laa mbele ya wageni wangu, ningeona haya, ningekukasirikia, pengine ningekupigia kelele. Na ungekuwa na haki. Jaribu, mama. Anza na mie, mie nimeshazoea kufungwa.

Babako kanitumia ujumbe sasa hivi kwamba mnatoka Qurum. Shangazi yako kakupa bizari na samli, nimekwishajua, na kilo zitazidi, utatoa kitabu kimoja au sweta la bluu. Sanduku nimelipanga upya. Sikulipanga vizuri kama wewe, nimelisokomeza, lakini limefunga. Liko sebuleni. Pasi yako ya kusafiria iko juu yake pamoja na karatasi hizi. Ukitaka kunikasirikia, nikasirikie, nnastahiki. Ukitaka kunyamaza njia yote mpaka uwanja wa ndege, nyamaza, na safari hii mie ndiye nitakayeuliza tule nini. Nakupenda sana, na nimekukosea, na yote mawili nakwambia pamoja kwa sababu sijui namna ya kuyatenga.

Alkhamisi nitakwenda. Aza kasema nisije, na nitakwenda. Watano wasipotimia, refa hapulizi filimbi pale pale. Anangoja robo saa, pengine wa tano katokea. Robo saa ile nishaiona zamani kwa timu nyengine. Wasichana wanakaa na jezi zao, upande wa pili wenzao wanarusha mipira ya kupasha moto na kuwatazama kwa huruma, na ukumbi mzima hakuna anayejua aangalie wapi. Mie ndiye niliyewaambia kwamba unabaki. Nitashuka jukwaani, nitakaa nao benchi mpaka refa apulize. Aza akinifukuza, nitakaa chini. Na yule mdogo akiniuliza tena Moza yuko wapi, sitamwachia mtu mwengine ajibu. Nitamwambia amekwenda kusoma, na aliyempeleka ni mimi.

Mama yako